Viti maalumu vya wanawake bungeni (Tanzania)

Viti maalumu vya wanawake ni nafasi katika Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ambazo kwa mujibu wa Katiba hutengwa kwa ajili ya wanawake peke yao. Anayeshika nafasi hiyo huitwa mbunge wa viti maalumu. Hapigiwi kura moja kwa moja na wananchi katika jimbo la uchaguzi. Jina lake hutolewa na chama chake cha siasa, na idadi ya viti ambavyo chama kinapata hutegemea kura za wagombea ubunge wake nchi nzima.

Utaratibu huu ulianza kutumika katika uchaguzi wa mwaka 1985 kwa viti 15. Kufikia uchaguzi wa 2015 na ule wa 2020 viti vilikuwa 113, na kutokana na hivyo zaidi ya theluthi moja ya wabunge wote walikuwa wanawake. Viti kama hivi vipo pia katika Baraza la Wawakilishi la Zanzibar na katika halmashauri za wilaya, miji, manispaa na majiji.

Wanaovitetea husema bila viti hivi Bunge lingekuwa la wanaume karibu watupu. Wanaovikosoa husema vimewapa wanawake nafasi ya kuingia bila kuwapa nguvu sawa na wenzao. Ili kuzielewa hoja za pande zote mbili, inafaa kujua kwanza viti hivi vilitoka wapi na hupatikana vipi.

## Asili

Wanawake walishiriki tangu mwanzo katika harakati za kudai uhuru wa Tanganyika. Bibi Titi Mohamed aliongoza kitengo cha wanawake cha TANU kuanzia mwaka 1955, akazunguka nchi kuwaandikisha wanachama. Mwaka 1962 akawa kiongozi wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika (UWT), jumuiya ambayo baadaye ilikuja kuwa Umoja wa Wanawake wa Tanzania. Lucy Lameck, mzaliwa wa Moshi, alikuwa mbunge na naibu waziri katika miaka ya kwanza ya uhuru.

Hata hivyo, mchango huo haukuzaa idadi kubwa ya wabunge wanawake. Katika uchaguzi wa 1965 Bibi Titi mwenyewe alishindwa katika jimbo la Rufiji, ingawa jina lake lilijulikana nchi nzima. Baraza la Mawaziri lilipata mawaziri kamili wanawake kwa mara ya kwanza mwaka 1975, nao walikuwa Tabitha Siwale na Julie Manning.

Sababu za uchache huo zilikuwa nyingi. Wasichana waliofika shule ya sekondari walikuwa wachache kuliko wavulana. Kampeni za jimbo zinahitaji fedha, usafiri na muda mrefu nje ya nyumba, na kwa kawaida mwanamke ndiye anayebeba malezi ya watoto na kazi za nyumbani. Mali inayoweza kuuzwa au kuwekwa rehani, kama vile ardhi, mara nyingi iko mikononi mwa wanaume. Zaidi ya hayo, wapiga kura wengi, wake kwa waume, walizoea kuona uongozi kuwa kazi ya mwanamume.

Mwaka 1985 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake. Uchaguzi wa mwaka huohuo, uliofanyika chini ya mfumo wa chama kimoja, ndio uliokuwa wa kwanza kuwa na viti 15 vilivyotengwa kwa wanawake.

## Kukua kwa idadi

Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, Katiba ilibadilishwa ili viti vya wanawake vihesabiwe kwa asilimia na kugawanywa kwa vyama kwa kufuata kura. Kiwango cha chini kilikuwa kwanza asilimia 15. Mwaka 2000 kiliongezwa kuwa asilimia 20, na mwaka 2005 kikawa asilimia 30, ambacho ndicho kilichomo katika Ibara ya 66 ya Katiba.

Msukumo ulitoka pia nje ya nchi. Mkutano wa Nne wa Dunia kuhusu Wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995 ulikuwa na Katibu Mkuu Mtanzania, Gertrude Mongella, aliyezaliwa Ukerewe. Mongella ndiye aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika mwaka 2004. Mwaka 1997 nchi za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) zilikubaliana kwamba ifikapo 2005 wanawake wawe angalau asilimia 30 katika vyombo vya maamuzi. Itifaki ya SADC ya mwaka 2008 ilipandisha lengo hilo hadi asilimia 50.

Idadi ya viti maalumu baada ya kila uchaguzi mkuu hadi 2020 ilikuwa hivi:

- 1995: viti 37
- 2000: viti 48
- 2005: viti 75
- 2010: viti 102
- 2015: viti 113
- 2020: viti 113

Wanawake walioshinda majimboni waliongezeka pia, lakini polepole zaidi. Walikuwa 8 mwaka 1995, 12 mwaka 2000 na 17 mwaka 2005. Katika chaguzi tatu zilizofuata idadi yao ilikuwa kati ya 20 na 26. Majimbo mwaka 2020 yalikuwa 264, kwa hiyo hata baada ya miaka 35 ya viti maalumu wanawake walikuwa hawajafikia sehemu moja ya kumi ya wabunge wa majimbo.

Mbali na viti maalumu, Katiba inampa Rais uwezo wa kuteua wabunge wasiozidi 10, na angalau 5 kati yao wanapaswa kuwa wanawake.

## Jinsi viti vinavyopatikana

Kuna hatua mbili. Ya kwanza hufanyika ndani ya chama, ya pili katika Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi.

### Ndani ya chama

Kila chama kina utaratibu wake wa kupata majina. Katika Chama cha Mapinduzi (CCM) kura za maoni hupigwa hasa katika vikao vya UWT vya mikoa, na nafasi nyingine hutolewa kwa makundi kama vijana, watu wenye ulemavu na wasomi wa vyuo vikuu. Vikao vya juu vya chama ndivyo vinavyofanya uamuzi wa mwisho. Katika Chadema, Baraza la Wanawake (BAWACHA) hushiriki katika mchakato huo.

Chama hupanga majina kwa kufuata mfululizo na kuyawasilisha kwenye Tume. Mpangilio huo una uzito mkubwa. Aliye juu ya orodha ana hakika ya kuingia, na aliye chini huingia tu ikiwa chama kitapata kura nyingi. Mbunge wa viti maalumu akifariki au akijiuzulu, hakuna uchaguzi mdogo. Nafasi hujazwa kutoka katika orodha ileile ya chama.

### Katika Tume

Baada ya uchaguzi, Tume hujumlisha kura halali za wabunge za kila chama nchi nzima. Chama kilichopata chini ya asilimia 5 hakipati kiti. Vyama vilivyobaki hugawana viti kwa uwiano wa kura zao.

Mfano wa kubuni utasaidia kuelewa. Tuseme kura halali zote ni 10,000,000 na viti vya kugawa ni 96:

- Chama A kimepata kura 6,000,000 (asilimia 60)
- Chama B kimepata kura 3,000,000 (asilimia 30)
- Chama C kimepata kura 600,000 (asilimia 6)
- Chama D kimepata kura 400,000 (asilimia 4)

Chama D kinaondolewa kwa sababu hakikufikia asilimia 5. Kura za vyama vitatu vilivyobaki ni 9,600,000. Kura za kila chama zinagawanywa kwa jumla hiyo, kisha zinazidishwa kwa 96. Chama A kinapata viti 60, B viti 30 na C viti 6.

Mfano huu unaonyesha kwamba chama kinaweza kupata viti maalumu vingi hata kama kimeshinda majimbo machache, mradi kura zake nchi nzima ni nyingi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2020. Kati ya viti 113, CCM ilipangiwa 94 na Chadema 19, ingawa Chadema ilikuwa imeshinda jimbo moja tu, Nkasi Kaskazini. Mshindi wa jimbo hilo, Aida Khenani, alikuwa mwanamke aliyewahi kuwa mbunge wa viti maalumu.

## Tofauti na ubunge wa jimbo

Mbunge wa viti maalumu huzungumza, huuliza maswali, hukaa katika kamati na kupiga kura bungeni kama mbunge mwingine yeyote. Anaweza kuteuliwa kuwa waziri. Tofauti zake na mbunge wa jimbo ni hizi:

- Uwaziri Mkuu. Kwa mujibu wa Ibara ya 51 ya Katiba, Waziri Mkuu huteuliwa kutoka miongoni mwa wabunge wa majimbo. Mbunge wa viti maalumu hawezi kushika wadhifa huo.
- Mfuko wa jimbo. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, husimamiwa na kamati ambayo mwenyekiti wake ni mbunge wa jimbo. Mbunge wa viti maalumu hana mfuko wa namna hiyo. Mwananchi akimwomba dawati la shule au bati la zahanati, hana fungu la kisheria la kulitolea.
- Eneo. Mbunge wa jimbo ana mipaka na wapiga kura wanaojulikana. Mbunge wa viti maalumu kwa kawaida huhesabiwa kuwa wa mkoa mzima, au wa kundi fulani kama vijana.
- Kupoteza kiti. Mbunge yeyote anayekoma kuwa mwanachama wa chama chake hupoteza ubunge. Lakini jimbo likibaki wazi wananchi hupiga kura upya, na aliyeondoka anaweza kugombea tena kwa tiketi ya chama kingine. Kiti maalumu hubaki mali ya chama.

Tofauti hiyo ya mwisho imeonekana mara kadhaa. Mwaka 2017 wabunge wanane wa viti maalumu wa Chama cha Wananchi (CUF) walipoteza nafasi zao walipofukuzwa uanachama wakati wa mgogoro wa uongozi wa chama hicho, na wengine wakaingia badala yao. Novemba 2020 wanawake 19 wa Chadema, wakiwemo Halima Mdee na Ester Bulaya, waliapishwa Dodoma. Uongozi wa chama ulisema haukupeleka majina yao, ukawavua uanachama. Wao walipinga, na wakaendelea kukaa bungeni huku suala lao likifika mahakamani.

## Viti maalumu kama ngazi

Moja ya hoja za kuanzisha viti hivi ilikuwa kwamba mwanamke angeingia bungeni, angejifunza kazi, angejulikana, kisha angekwenda kugombea jimbo na kumwachia mwingine nafasi. Wako walioanzia katika viti maalumu na kupanda, wengi wao kwa kushinda majimbo:

- Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar kwa viti maalumu mwaka 2000 na kuwa waziri katika Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mwaka 2010 aligombea jimbo la Makunduchi na kushinda. Mwaka 2014 alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba, mwaka 2015 akawa Makamu wa Rais, na tarehe 19 Machi 2021 aliapishwa kuwa Rais, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo Tanzania.
- Asha-Rose Migiro, aliyekuwa mhadhiri wa sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliingia Bunge kwa viti maalumu mwaka 2000. Aliongoza wizara iliyoshughulikia jinsia na watoto, kisha mwaka 2006 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania. Kuanzia 2007 hadi 2012 alikuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa.
- Halima Mdee alikuwa mbunge wa viti maalumu kuanzia 2005, akashinda jimbo la Kawe mwaka 2010 na 2015.
- Ester Bulaya aliingia kwa viti maalumu vya CCM mwaka 2010, akahamia Chadema na kushinda jimbo la Bunda Mjini mwaka 2015.
- Ummy Mwalimu alikuwa mbunge wa viti maalumu na waziri kabla ya kushinda jimbo la Tanga Mjini mwaka 2020.

Viti maalumu si njia pekee. Anne Makinda, Spika wa kwanza mwanamke (2010–2015), alikuwa mbunge wa jimbo la Njombe Kusini alipochaguliwa kuwa Spika. Tulia Ackson, aliyechaguliwa kuwa Spika mwaka 2022 na Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani mwaka 2023, aliingia Bunge mwaka 2015 kwa uteuzi wa Rais kabla ya kushinda jimbo la Mbeya Mjini mwaka 2020.

Kwa upande mwingine, wako wabunge waliokaa katika viti maalumu kwa vipindi kadhaa bila kugombea jimbo. Baadhi yao hueleza kwamba wanapojaribu kugombea, wajumbe wa chama huwaambia wabaki kwenye viti vyao vya wanawake na kuwaachia wanaume jimbo. Hapo kiti kilichokusudiwa kuwa ngazi kinageuka kuwa kizuizi.

## Hoja za kuunga mkono na za kukosoa

Wanaounga mkono viti maalumu hutaja mambo matatu. Kwanza ni idadi yenyewe. Kwa matokeo ya majimbo peke yake, Bunge la 2020 lingekuwa na mwanamke mmoja kwa kila wabunge kumi wa majimbo. Pili, wabunge wanawake wamesaidia kusukuma mijadala kuhusu afya ya uzazi, maji, ukatili wa kijinsia na haki ya ardhi. Tatu, msichana anayemwona mwanamke akimhoji waziri bungeni hukua akijua kwamba kazi hiyo ni yake pia.

Hoja za ukosoaji zinahusu zaidi utaratibu kuliko lengo:

1. Uwajibikaji. Mbunge huwa mwangalifu kwa yule anayeweza kumwondoa. Wa jimbo huwaangalia wapiga kura. Wa viti maalumu huwaangalia viongozi wa chama na wajumbe wachache wa vikao. Ni vigumu kwake kupinga msimamo wa chama, hata pale ambapo maslahi ya wanawake yanadai hivyo.
2. Rushwa. Wapiga kura wanapokuwa wajumbe wachache, ni rahisi kuwanunua. Kumekuwa pia na malalamiko ya rushwa ya ngono katika kutafuta uteuzi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai, lakini waathirika wengi huogopa kutoa taarifa.
3. Heshima. Wabunge hawa mara nyingine hudharauliwa na kuambiwa kwamba hawakuchaguliwa, ingawa nafasi yao imo katika Katiba sawa na ya mbunge mwingine.
4. Kuvipa vyama kisingizio. Chama kinaweza kuridhika na orodha yake ya viti maalumu na kuacha kuwasimamisha wanawake katika majimbo kinayotarajia kushinda.

## Katika nchi jirani

Nchi nyingine za Afrika Mashariki zina viti vya wanawake pia, lakini zimejibu kwa njia tofauti swali la nani anamchagua mbunge huyo.

Nchini Uganda kila wilaya ina mbunge mmoja mwanamke, na tangu uchaguzi wa 2006 huchaguliwa kwa kura za wananchi wote wa wilaya, wanawake kwa wanaume. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 ilianzisha Mwakilishi wa Wanawake katika kila moja ya kaunti 47, naye pia hupigiwa kura na wananchi. Katiba hiyo inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa, lakini Bunge lilishindwa kutunga sheria ya kutekeleza sharti hilo, na Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje.

Nchini Rwanda, viti 24 kati ya 80 vya Baraza la Wabunge hutengwa kwa wanawake, na wanaowachagua ni wajumbe wa mabaraza ya mitaa na kamati za wanawake. Vyama pia huweka wanawake katika orodha zao za kawaida. Mwaka 2008 Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuwa na wabunge wanawake zaidi ya nusu, na mwaka 2013 walifikia 51 kati ya 80.

## Mapendekezo ya mabadiliko

Rasimu ya Katiba iliyotolewa na Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza kwamba kila jimbo liwe na wabunge wawili, mwanamke na mwanamume, wote wakichaguliwa na wananchi. Katika mpango huo viti maalumu vingeondoka. Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa na Bunge Maalumu mwezi Oktoba 2014, iliweka lengo la usawa wa idadi kati ya wanawake na wanaume bungeni. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa, na utaratibu uliopo ukaendelea.

Mapendekezo mengine yanayojadiliwa ni kuweka ukomo wa vipindi vya kukaa katika viti maalumu, kuwapa wananchi wa mkoa au wilaya haki ya kuwapigia kura wabunge hao, na kuvibana vyama visimamishe idadi maalumu ya wanawake majimboni. Kila pendekezo lina gharama yake. Ukomo unaweza kumwondoa mwenye uzoefu kabla hajawa tayari kwa jimbo. Kura ya mkoa mzima huhitaji fedha nyingi za kampeni kuliko jimbo, na ukosefu wa fedha ulikuwa mojawapo ya sababu zilizowafungia wanawake nje tangu mwanzo.